Gari Lisilolaza Maiti

Jumapili ya pili ya Novemba, baada ya sadaka ya kawaida, Mwalimu Isakwisa alisimama mbele ya usharika na bahasha mkononi, akamshukuru Mungu kwa kumpa gari. Wanawake walipiga vigelegele. Kwaya ikaimba beti mbili bila kuombwa. Mwinjilisti aliipokea bahasha, akaiinua juu, akasema Bwana hachelewi.

Paskalina, mke wa Mwalimu, alikuwa benchi la nne na watoto wao watatu, na hakupiga kigelegele. Aliinamisha kichwa kama mtu anayeomba, lakini hakuwa akiomba. Alikuwa akitafuta pa kujificha. Gari hilo halikuwepo. Halikuwa nyumbani wala njiani, na wao wawili walikuwa hawajakubaliana hata ni gari la namna gani.

"Baba Aroni," alisema walipotoka nje, huku akimtabasamia kila aliyempa hongera, "umemshukuru Mungu kwa gari lipi?"

"Nimeshukuru kwa imani."

"Imani hiyo si ungeifanyia chumbani?"

"Imani ya chumbani nani ataiona?"

"Mungu."

Kabla Isakwisa hajafungua mdomo, Mzee Sedekia alikuwa ameshafika na mkono mbele. Mzee Sedekia alikuwa mzee wa kanisa na pia mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya kijiji. Kamati yake ilikuwa na maturubai mawili, masufuria sita na viti vya plastiki themanini. Haikuwa na gari. Mvua zilizopita, marehemu mmoja aliyetoka hospitali ya Iringa alikaa siku mbili ng'ambo ya korongo akisubiri maji yapungue, na waombolezaji wakawa wanamwimbia kutoka upande huu.

"Kamwene, Mwalimu. Hongera sana. Ni refu?"

"Nini, mzee?"

"Gari. Kwa ndani."

"Bado hatuja..." alianza Paskalina.

"Refu la kutosha," alisema Isakwisa, ambaye bado alikuwa amelewa vigelegele.

Mzee Sedekia alifumba macho kwa raha. "Sasa hata kufa mtu anaweza kufa kwa utulivu," alisema.

*

Gari lilitakiwa kwa sababu ya korongo hilo hilo. Kijiji chao kiko mbele ya Idodi, barabara ya kwenda mbugani, kisha unaacha barabara na kushika njia ya mchanga. Kati ya kijiji na shule ya watoto kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu. Masika ni mto.

Machi iliyopita Isakwisa alilivuka kwa pikipiki akiwa amepakia mishikaki: Eveline wa miaka minne mbele juu ya tangi, Aroni wa miaka saba nyuma ya baba yake, na Paskalina mwisho kabisa, Clement mchanga akiwa mgongoni. Paskalina alisema wasubiri maji yapungue. Isakwisa akasema maji ni ya magoti tu. Katikati ya korongo pikipiki ililala taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyeumia. Lakini kuna mtu alikuwa ukingoni na simu, na video ya sekunde arobaini ikasafiri mpaka Iyunga, Mbeya, kwa mama yake Isakwisa, kabla hata hawajabadili nguo.

Bibi hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu," alisema kwenye simu, "mimi nilikulea wewe na ndugu zako sita, na sikuwahi kumtia mmoja mtoni. Mvua ya kwanza ikinyesha mwaka huu, kama huna gari la kuwavusha wajukuu wangu, nakuja kuwachukua. Shule nimeshaiona hapa Iyunga. Na sweta la shule nimeshanunua."

"La nani, mama?"

"La Aroni. Nimechukua kubwa kidogo ili akae nalo miaka miwili."

Paskalina alikuwa akisonga ugali huku anasikiliza. Mwiko ulisimama. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji na asingeweza kuomba uhamisho awafuate watoto; ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Mtu akinunua sweta kubwa, si mtu anayetania.

Walichukua mkopo wa chama cha walimu, wakauza pikipiki na ng'ombe wawili. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

*

Sajid alikuwa na yadi ya magari Iringa mjini, nyuma ya duka la vipuri lililofunguliwa na babu yake. Alizaliwa hapo, na alisalimia "kamwene" ya Kihehe kwa lafudhi nzuri kuliko ya Isakwisa, ambaye ni Mnyakyusa.

Familia nzima ilishuka kwenye basi Jumamosi asubuhi. Mzee Sedekia alishuka nao. Hakuna aliyemwalika. Alikuwa amevaa koti la kijivu la suti, na mfukoni alikuwa na futikamba ya fundi seremala.

"Mnanunua kwa ajili ya kampuni?" aliuliza Sajid.

"Ya familia," alisema Paskalina. "Watoto watatu. Njia ni mchanga, mawe na korongo."

"Na jamii," alisema Mzee Sedekia.

Magari yaliyolingana na pesa zao yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa refu, jeupe, la zamani, lenye mkonga wa kuvutia hewa uliopanda mpaka juu ya paa. Nyuma lilikuwa na mabenchi mawili ya chuma yaliyotazamana, na katikati sakafu tupu. Lilisimama pale kama mkuu wa wilaya. La pili lilikuwa fupi, la kijani kibichi, milango mitano, tairi la akiba mgongoni. Aliyeliona mara ya kwanza angedhani limekatwa.

Isakwisa alilizunguka lile refu akiwa ameweka mikono nyuma. Alijiona ndani yake, kiwiko dirishani, akipita mbele ya kanisa.

"Hii gari inafika popote," alisema Sajid. "Tumbo iko juu, inavuta tairi zote nne, ina gia ndogo ya matope."

"Na hiyo fupi?" aliuliza Paskalina.

"Nayo hivyo hivyo, dada. Tumbo limezidiwa vidole viwili tu. Lakini watu hawaipendi. Haibebi."

"Haibebi nini?"

Sajid alifikiri. "Chochote."

Mzee Sedekia alikuwa ameshaingia nyuma ya gari refu na futikamba yake. "Futi saba!" alitangaza. Kisha akaona kipimo peke yake hakitoshi. Alijilaza sakafuni katikati ya mabenchi, akanyoosha miguu, akakutanisha mikono kifuani, akafumba macho ili apate kufikiri vizuri.

Wanawake wawili waliobeba beseni za nyanya walikuwa wakipita getini. Waliona milango ya nyuma imefunguliwa, wakaona viatu vimesimama, wakaona familia imezunguka kimya. Waliteremsha beseni.

"Jamani, poleni," alisema mmoja, sauti ikiwa imeshaanza kuvunjika. "Baba yenu?"

"Mteja," alisema Sajid.

"Kafia hapa hapa?"

"Sijafa," alisema Mzee Sedekia bila kufumbua macho. "Napima."

Beseni zilirudi kichwani haraka kuliko zilivyoshuka. Mzee aliketi, akamwita Isakwisa pembeni, na sasa aliongea kwa sauti ya kamati.

"Mwalimu, tumekaa juzi. Ukichukua hii ndefu, kamati inakuongezea milioni mbili. Hatudai. Ni mchango. Wewe utakuwa unatusaidia tu pale msiba unapotokea."

Milioni mbili. Kwa pesa hizo wangeweza kumaliza paa la jiko. Na kijiji kizima kingesema: lile gari la Mwalimu. Isakwisa alimtazama mkewe kwa macho ya mtu ambaye ameshakubali na anatafuta namna ya kulisema.

"Tuijaribu kwanza," alisema Paskalina. "Tukiwa na watoto ndani. Mahali watakapokaa."

*

Nyuma ya yadi kulikuwa na njia ya mawe inayopanda mlimani. Sajid aliendesha, Isakwisa akakaa mbele. Paskalina na watoto walikaa kwenye mabenchi. Mzee Sedekia alirudi kujilaza sakafuni, akisema ni lazima ajue marehemu atasafirije.

Kwa dakika moja mambo yalikwenda vizuri. Kisha likaja jiwe la kwanza. Eveline aliruka kutoka kwenye benchi kama bisi sufuriani, akatua juu ya tumbo la Mzee Sedekia. Paskalina alikuwa amemkumbatia Clement kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujishikia, na jiwe la pili lilimtoa benchi hili likampeleka benchi lile. Aroni alishika bomba la dirisha, akawa wa njano, akasema, "Mama."

"Simamisha!" alipiga kelele Paskalina.

Sajid alisimamisha, lakini Aroni alikuwa ameshatapika. Alijitahidi sana kukwepa, mtoto wa watu. Viatu vya Mzee Sedekia havikuwa na pa kukwepea.

Walishuka. Mzee alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi na kofia yake haikujulikana iko wapi. Kila mtu alingoja aseme neno. Alijipangusa, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta juu ya nyasi.

"Inafaa," alisema.

"Inafaa?" Paskalina alisema. "Mzee wangu, umegeuka kama gunia humo ndani!"

"Mimi nilikuwa huru, Sista. Marehemu hatagaragara. Marehemu tutamfunga kamba."

"Kwa hiyo marehemu atakuwa na mkanda," alisema Paskalina, "na wanangu hawana."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowasomea wagonjwa dawa zao. Sajid alianza kucheka, akamwona Isakwisa, akaacha.

Walirudi yadi wakajaribu fupi, Isakwisa akiendesha, Sajid akibaki. Mzee Sedekia alikataa kuingia, akasema hana haja ya kupima kaburi fupi. Siti tano, mikanda mitano. Kwenye siti ya nyuma kulikuwa na kiti kidogo cha mtoto kilichokuja nalo tangu ng'ambo. Sajid alisema wateja wengi hukitoa ili wapate pa kuweka viroba. Clement alifungwa humo, akashangaa, akaridhika. Eveline alipofungwa mkanda aliuliza, "Mama, nimekosa nini?" Njia ilikuwa ile ile na mawe yale yale. Gari liliyumba, likakohoa, likapanda. Watoto waliyumba nalo, wote kwa pamoja, kama wanakwaya, na walipofika juu kila mmoja alikuwa bado mahali pake. Aroni alikuwa wa njano kidogo tu.

Waliporudi, Isakwisa aliomba dakika tano. Alikwenda nyuma ya rundo la matairi, akavua kofia, akaomba kwa ufupi kwa sababu watu walikuwa wanasubiri. Alimwambia Mungu kwamba alishukuru mapema na sasa hajui alishukuru kwa lipi kati ya yale mawili. Akangoja neno. Halikuja neno jipya. Yalikuja tu maneno ya mke wake kuhusu mkanda, yakarudi tena, na mara ya tatu akaona kwamba mtu anaweza kukesha akingoja jibu ambalo ameshapewa tangu asubuhi.

"Mzee," alisema aliporudi, "tunachukua fupi."

Mzee Sedekia alikunja futikamba yake polepole. "Na milioni mbili?"

"Zitunzeni. Mtapata refu siku moja."

"Nawe ukifa, Mwalimu, utabebwa na nini?"

"Nitakuwa nimekufa, mzee. Sitachagua."

"Haya." Mzee alimgeukia Sajid. "Stendi ni wapi? Hata siku ya kulichukua, hili gari lina siti tano, na mimi ni wa sita. Nimeshahesabu."

*

Gari fupi lilifika kijijini baada ya wiki mbili, karatasi zilipokamilika. Hakukuwa na vigelegele. Watu walilizunguka, wakafungua mlango wa nyuma, wakatazama ndani, wakafunga.

"Limeisha hapa hapa?" aliuliza mwalimu mwenzake.

Shuleni wakaliita Kopo. Kanisani mwinjilisti aliliombea baraka kwa dakika moja na nusu, na kwaya haikuimba. Mama mmoja mzee, mgonjwa wa muda mrefu, alimshika Paskalina mkono pale zahanati akamwambia kwa upole, "Sista, sikulaumu. Lakini mimi ni mrefu." Paskalina alimpa dawa yake, akaingia stoo, akakaa juu ya boksi la glavu mpaka aibu ikapungua. Nyumbani aliyaficha hayo. Isakwisa naye alificha kwamba mwinjilisti alikuwa amemuuliza, mbele ya watu, kama ile bahasha ya shukrani ilikuwa ya gari hili au ya jingine.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Ijumaa asubuhi Bibi alipiga simu. "Niko kwenye basi. Tumefika Nyololo."

Jumamosi Paskalina alikuwa zamu. Isakwisa aliwafunga watoto wote watatu, akaenda Iringa kumpokea mama yake, ambaye alikuwa amelala kwa jamaa. Bibi alikuwa na mabegi mawili. Moja lilikuwa la nguo zake. La pili, kubwa la buluu, lilikuwa tupu kabisa isipokuwa sweta moja. Alikaa mbele, akafungwa mkanda juu ya kanga, akatazama mbele kilomita zote bila kusifia kitu. Huko juu milimani mvua ilikuwa inanyesha tena.

Saa tisa alasiri Paskalina alipewa habari kwamba korongo limejaa. Alivua koti la kazi, akakimbia. Ukingoni upande wa kijiji kulikuwa na watu kama ishirini, na Mzee Sedekia akiwa na mwavuli. Ng'ambo, taa zikiwaka, lilikuwa Kopo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai na yalikuwa yanaongea.

Alipiga simu. Alimwona mumewe ng'ambo akiipokea.

"Usiingie."

"Mama Aroni, hii gari ina..."

"Nakuomba. Usiingie."

Kisha akaona mlango unafunguliwa. Isakwisa alishuka, akakata fimbo, akaisimika pembeni ya maji, akatazama ilipofika. Akarudi akazima gari.

"Refu lingekuwa limeshapita," alisema Mzee Sedekia.

Paskalina alikuwa anahesabu vichwa nyuma ya vioo vyenye ukungu. Watu wa upande huu waliinua simu zao, wakangoja, mikono ikachoka, wakashusha. Dakika arobaini zilipita. Isakwisa alishuka mara tatu kutazama fimbo. Mara ya tatu alivua viatu, akakunja suruali, akavuka kwa miguu mpaka katikati akipapasa chini kwa fimbo. Maji yalimfika chini ya magoti. Akarudi. Aliwasha gari, akaweka gia ndogo, akaingia.

Alikuja polepole kiasi kwamba mtu angeweza kutembea kando yake na kupiga hadithi. Hakubadilisha gia. Gari liliinama upande mmoja, watu wakasema "ah", likainuka. Tairi za mbele zikagusa mchanga wa upande huu, zikatafuta, zikashika. Kopo lilipanda ukingo likichuruzika maji na kusimama mbele ya miguu ya Paskalina.

Alifungua mlango wa nyuma. Clement alikuwa amelala. Eveline alikuwa anakula muhindi. Aroni alisema, "Sijatapika," kama mtu anayetoa taarifa kwa mkuu wa shule.

Bibi alichelewa kushuka kwa sababu hakujua mkanda unafunguliwaje na hakutaka kuuliza. Alipotoka alilitazama korongo kwa muda, akamtazama mwanawe aliyelowa mpaka magotini, akaitazama ile fimbo aliyoshuka nayo. Begi la buluu lilikuwa begani kwake.

"Shikamoo, mama," alisema Paskalina, akipiga goti kwenye matope.

"Marahaba." Bibi alitazama watu wote ishirini, na Mzee Sedekia na mwavuli wake. "Tuombe," alisema.

Wanaume walivua kofia. Bibi alifumba macho, akaanza, na kama kawaida yake akaomba kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa, maana alikuwa anaomba juu ya kelele za maji.

Miaka minane ya ndoa ilikuwa haijamfundisha Paskalina lugha hiyo zaidi ya salamu na asante. Alisimama ameinamisha kichwa, akachuja maneno yale kama anayechambua mchele. Alisikia jina la Mungu. Alisikia jina la mumewe, likifuatwa na maneno mengi ambayo hayakusikika kama sifa. Alisikia Iyunga, akamshika Aroni bega. Bibi alivuta pumzi. Kisha yakaja majina ya watoto, moja moja, Aroni, Eveline, Clement, na baada ya Clement, wazi kabisa, Idodi, si Iyunga. Paskalina akasubiri. Bibi alirudia: Aroni, Eveline, Clement. Idodi.

"Amina!" alisema Paskalina kwa sauti iliyowaamsha ndege kwenye mti, na Mzee Sedekia, ambaye naye hakuelewa neno hata moja, akadhani sala imekwisha, akavaa kofia na kuitikia, "Amina."

Bibi alifumbua jicho moja.

"Sijamaliza," alisema kwa Kiswahili, akalifumba, akaendelea.